Skuli ya sekondari inajitahidi kupanda: mzazi aangalie wapi?

MzaziWete (mtoa mada)

Asalaam alaykum wana jukwaa. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi ya skuli kutoka ndani.

Skuli yetu ya sekondari hapa Wilaya ya Wete, Pemba, inasomesha kidato cha kwanza mpaka cha nne kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana. Uongozi umeita kikao cha wazee na kutusomea mpango wa kuiinua: kambi ya kidato cha nne miezi mitatu kabla ya mtihani wa Taifa, majaribio ya kila mwezi, maabara ifufuliwe, na utoro wa msimu wa karafuu upungue. Nia naiona ni ya kweli. Geti linafungwa kwa wakati, walimu wanabaki jioni, na mzazi akienda kuuliza anajibiwa kwa heshima.

Wasiwasi wangu ni kwamba ushahidi tuliopewa wa skuli kupanda ni mmoja tu, asilimia ya ufaulu. Mzazi aisome vipi hiyo asilimia, na zaidi ya hiyo aangalie nini? Pili, wazee tumekubaliana kuchangia kwa hiari, kila mmoja kwa uwezo wake. Wengine wanataka zote ziende kambini, wengine maabara, wengine vikalio. Ipi itangulie? La tatu: nina mmoja kidato cha pili na mwengine anaingia cha kwanza mwakani, na wazee wengi hapa Kiingereza hatukijui vyema. Nyumbani tukague nini?

MaalimTaaluma

Wa alaykum salaam, mzazi mwenzetu. Nianze na matokeo, kwani hapo ndipo wazee wengi wanapopotea bila ya mtu kukusudia kuwapoteza.

Asilimia ya ufaulu inamhesabu kila aliyepata daraja la I mpaka la IV. Sasa tazama daraja linavyopatikana. Baraza la Mitihani la Tanzania linachukua masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A (75–100) ni pointi 1, B (65–74) pointi 2, C (45–64) pointi 3, D (30–44) pointi 4, F (0–29) pointi 5. Daraja la I ni pointi 7–17, la II ni 18–21, la III ni 22–25, la IV ni 26–33, na sifuri ni 34–35. Kwa hiyo mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, na kwenye karatasi amefaulu. Mwenye D saba ana 28, naye ni daraja la IV. Katika asilimia ya ufaulu wote wawili wana uzito sawa na mwenye A saba. Skuli inaweza kusema ukweli mtupu kwamba imefaulisha asilimia 90, na bado ikawa karibu hakuna anayekwenda kidato cha tano.

Mpaka wa kuukazia macho ni wa daraja la III na la IV. Mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, yumo daraja la III. Mwenye C mbili na D tano ana 26, ametoka. Tofauti yao ni somo moja kutoka 44 kwenda 45, na C tatu ndizo zinazotazamwa kwanza mtu anapotaka kuendelea na kidato cha tano.

Ingia kwenye tovuti ya Baraza, matokeo ya kila kituo yapo wazi. Chukua miaka mitatu mfululizo, chora jedwali kwa mkono: waliosajiliwa, waliofanya, I–III kwa pamoja, IV, sifuri, wasichana mbali na wavulana mbali. Kisha shuka kwenye jedwali la masomo. Pale utaona wastani wa kila somo, na hapa wastani mdogo ndio mzuri kwa sababu A ni 1 na F ni 5. Wazee wengi wanausoma kinyume, wakiona 4.2 wanafurahi. Kuna pia safu ya wanafunzi wasio na alama za maendeleo. Ikiwa na namba, uliza mara moja, kwani alama zinazotoka skuli zina asilimia 30 ya matokeo na mtihani wenyewe 70.

Mwaka mmoja peke yake haukwambii kitu. Skuli yenye watahiniwa 40, kila mtoto ni asilimia 2.5. Watoto wanne wazuri wakija pamoja, skuli "imepanda" kwa asilimia 10, na mwakani "itashuka" bila mwalimu yeyote kubadilisha kitu.

Namba ambayo haisomwi kikaoni, na mimi naiona kubwa kuliko zote: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliokaa kwenye mtihani wa kidato cha nne miaka minne baadaye ni wangapi? Tuseme waliingia 120 wakafanya 70. Hamsini wako wapi? Baadhi wamerudia kidato cha pili, baadhi wamehama, baadhi wameolewa, wamekwenda dago (kambi za uvuvi) au wamekaa tu nyumbani. Ufaulu unaweza kupanda kwa sababu watoto dhaifu wamepukutika njiani. Skuli inayojitahidi kweli inaifuata orodha hiyo jina kwa jina.

Sasa madaftari, swali lako la tatu. Huhitaji Kiingereza. Fungua daftari la somo moja, tazama tarehe: kuna mazoezi mangapi tangu mwezi ulipoanza? Yana wino wa mwalimu? Na baada ya wino, mtoto ameandika masahihisho, au kosa limebaki lilivyo? Hiki cha mwisho ndicho kikubwa. Zoezi lililosahihishwa bila masahihisho ni kazi iliyopotea pande zote mbili. Linganisha na daftari la mtoto wa jirani wa mkondo mwengine. Mmoja akiwa na mazoezi kumi na mwengine matatu kwa mada zile zile, hilo ni la kumpelekea mwalimu wa taaluma, kwa upole.

Kwa upole nasema makusudi. Darasa la watoto 60, dakika 3 kwa kila daftari ni saa 3. Mwalimu mwenye madarasa manne ni saa 12 kwa zoezi moja tu. Haiwezekani, ndiyo maana unakuta tiki kubwa inayokata ukurasa mzima. Kinachofanya kazi ni zoezi fupi la maswali matatu kwa wiki: mawili wanafunzi wasahihishe kwa kubadilishana madaftari huku majibu yako ubaoni, la tatu mwalimu alisahihishe mwenyewe kwa maandishi. Hapo dakika 1 inatosha kwa daftari, saa 1 kwa darasa. Kamati iulize kama utaratibu wa namna hii upo.

Jioni mwambie mtoto akueleze somo la leo kwa Kiswahili, dakika mbili. Akieleza vizuri kwa Kiswahili lakini kwenye karatasi anaanguka, tatizo lake ni lugha. Akishindwa hata kwa Kiswahili, somo lenyewe halijaingia. Dawa zake ni mbali mbali, na watu wengi wanapeleka wote wawili tuisheni ile ile.

Wa lugha anahitaji maneno. Kidato cha kwanza ndipo masomo karibu yote yanaposomeshwa kwa Kiingereza, na mtoto anaanza kunakili asichokielewa. Awe na daftari dogo, maneno kumi kwa wiki kutoka kwenye masomo yenyewe, maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja aliyoitunga. Ayajue pia maneno ya kuulizia mtihani. "State" linataka jibu tupu. "Explain" linataka jibu na sababu yake. "Differentiate" linataka vitu viwili vikae sambamba, sifa kwa sifa. Watoto wanajua jibu na bado wanapoteza nusu ya alama kwa kuorodhesha palipotakiwa sababu.

MzaziWete (mtoa mada)

Shukran sana Maalim. Hilo la walioingia na waliofanya mtihani halijawahi kusemwa kwenye kikao chochote. Nimeanza kuchora jedwali. Kuhusu maabara, tumeambiwa inahitaji fedha nyingi za kemikali. Ni kweli?

FundiMaabara

Kemikali ndicho kitu rahisi kuliko vyote humo ndani. Fanya hesabu.

Jaribio la asidi na besi: kila mwanafunzi anahitaji kama sentimita za ujazo 150 za kila kimiminika, kwa jaribio la kwanza la kukisia, matatu ya kweli, na ya kusuuzia vyombo. Watoto 40 ni lita 6. Sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo besi, ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) ni gramu 4 kwa lita, kwa hiyo lita 6 ni gramu 24, vijiko vichache. Asidi ya haidrokloriki kali ya asilimia 36 unahitaji kiasi cha sentimita za ujazo 8.6 kwa lita, yaani 52 kwa lita zote 6. Chupa moja ya lita 2.5 inafanya kazi hii karibu mara 48. (Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kinyume chake inachemka na kumrukia mtu usoni.)

Fedha zinakwenda kwenye vioo: bureti (mrija mrefu wa kupimia wenye koki chini), pipeti (mrija wa kuvutia kimiminika), chupa za koni, mirija ya majaribio. Na vioo vinakufa kwa sababu zinazozuilika. Bureti nyingi huvunjika ncha ya chini, ama kwa kulazwa kwenye sinki na vyombo vyengine, ama kwa kibanio kilichokazwa kupita kiasi. Za koki ya kioo hufa kwa kujaziwa sodiamu haidroksaidi na kuachwa usiku kucha: koki inagandana, mtu analazimisha, inakatika. Weka asidi kwenye bureti na besi kwenye chupa ya koni, suuza mara tu kipindi kinapokwisha, bureti isimamishwe kichwa chini koki ikiwa wazi. Sodiamu haidroksaidi inanywa unyevu wa hewa, na kwetu karibu na bahari unyevu haukosekani. Kopo likiachwa wazi vipande vinakuwa uji, na ukipima gramu 4 sehemu yake ni maji. Majibu ya darasa zima yanakosea na watoto wanadhani wao ndio hawajui.

Jengine linalowaumiza watu wa Pemba ni maji ya kisima. Visima vya karibu na pwani vina chumvi. Ukiyatumia kwenye jaribio la kutambua kloridi kwa nitreti ya fedha, kila kitu kinatoa unga mweupe, hata kile kisicho na kloridi. Mtoto anaandika alichokiona kwa macho yake na anakosa. Kwa majaribio ya utambuzi tumia maji yaliyokenekwa (distilled) tu. Kwa kusuuza mara ya kwanza, ya kisima au ya mvua yanatosha.

Kwa darasa la 40, vikundi vya wanne: bureti 10 na mbili za akiba, stendi 10, pipeti 10 zenye vivutio vya mpira (asinyonye mtu kwa mdomo), chupa za koni 30, bika 20. Hapo watoto wanafanya wenyewe. Ukiwa na bureti mbili, wawili wanafanya na 38 wanatazama, halafu mtihani wa vitendo unamtaka kila mmoja afanye peke yake. Kipimo cha maabara hai ni kimoja: muulize mtoto wa kidato cha tatu, muhula huu umeshika bureti kwa mkono wako mara ngapi? Kufufua mlango na kupaka rangi si kufufua maabara.

Biolojia na Fizikia msingoje fedha kabisa. Wanga: muhogo na iodini ya dukani iliyozimuliwa mpaka iwe rangi ya chai hafifu. Protini: ute mweupe wa yai. Sukari: papai bivu kwa kimiminika cha Benedict, kwenye maji ya moto dakika tano, na si moto wa moja kwa moja, mrija utapasuka. Pendulamu ni uzi, jiwe na saa ya simu: pima mizunguko 20 kisha gawa kwa 20, urefu wa uzi ukiwa sentimita 25, 50, 75 na 100. Kwenye 100 mzunguko mmoja ni karibu sekunde 2, kwenye 25 karibu sekunde 1. Mtoto akipata sekunde 1 kwenye uzi wa 100, amehesabu nusu mzunguko kama mzunguko mzima. Kosa hili ni la kila mwaka.

BiKamati

Ndugu MzaziWete, mimi nijibu la ipi itangulie.

Tangulizeni vyoo na maji kama havijakamilika. Najua havipigwi picha. Lakini kipimo kinachotumika Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabuni mlivyonavyo, na mhesabu vinavyotumika, siyo vilivyojengwa, na mkondo wenye watoto wengi ndio uwe kipimo. Msichana asiye na maji, mlango wenye komeo na pahala pa kutupa taulo, anaweza kukaa nyumbani siku tatu au nne kila mwezi. Kwa muhula wa miezi minne ni siku kama 14, karibu wiki tatu za masomo. Hakuna kambi inayorudisha hizo. Tangi la lita 1,000 linalovuna mvua ya paa la darasa, mifereji iliyonyooka, na akiba ndogo ya taulo kwa mwalimu wa kike, hivi ni vitu vya wazee kumaliza wenyewe.

Utoro wa karafuu. Tusiwaite watoto wavivu. Mchumaji analipwa kwa pishi, mtoto anaiona fedha jioni ile ile, na nyumba nyengine inaitegemea hiyo kwa sare na madaftari. Tangazo la vitisho halifanyi kitu. Jambo la kwanza ni kumbukumbu ya wiki kwa wiki: mwalimu wa darasa anatoa Alhamisi orodha ya waliokosa siku mbili au zaidi, mjumbe wa kamati wa shehia ile anafika nyumbani Ijumaa baada ya sala. Akifika wiki ya kwanza, mtoto anarudi. Wiki ya nne ameshazoea, na amepitwa na somo kiasi ambacho akirudi anakaa kama mgeni. Pili, wazee wakubaliane na wenye mashamba kwamba mwanafunzi achume baada ya masomo na Jumamosi na Jumapili tu, na asipandishwe matawi ya juu. Sheha (kiongozi wa shehia) akae kwenye makubaliano hayo. Tatu, panga majaribio makubwa kwa kuangalia msimu. Vile vile kwa Ramadhani, ambayo inarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Kalenda iliyonakiliwa ya mwaka jana itawapeleka pabaya.

Na kuchelewa. Dakika 20 kila asubuhi kwa siku tano ni dakika 100, vipindi viwili na nusu vya dakika 40. Kila wiki. Kipindi cha kwanza cha mkondo wa asubuhi kikiwa ni Hesabu, basi wanaokaa mbali wanafeli Hesabu kwa sababu ya gari. Ombeni ratiba izungushwe, somo lile lile lisikae kipindi cha kwanza siku zote.

Michango ya hiari iwe hiari kweli, mtoto asirudishwe nyumbani wala asitajwe mbele ya wenzake. Risiti kwa kila shilingi, fedha ziingie akaunti ya skuli, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi, aione hata aliyetoa mia tano. Wazee wakiiona karatasi hiyo miezi mitatu mfululizo, wa nne hamtahitaji kuwakumbusha.

Vikalio: kabla ya kununua, tengenezeni. Vingi vilivyorundikwa nyuma ya banda vina ubao uliokatika na fremu nzima. Seremala na fundi wa kuchomelea, siku mbili, mtashangaa idadi.

MwalimuHesabu

Naungana na wenzangu ila nataka kuitetea kambi kidogo, kwa sababu naona inataka kuachwa. Kuna nyumba zetu ambazo mtoto baada ya magharibi hana taa, hana meza, na ana wadogo watano. Kambi kwa huyo ndiyo nafasi ya pekee ya kukaa na kitabu saa tatu bila kuitwa. Kinachoharibu kambi ni namna inavyoendeshwa.

Miezi mitatu ni mirefu mno. Chakula kinapungua, walimu wanachoka, na watoto wanarudia karatasi za miaka iliyopita mpaka wanakariri majibu. Wiki sita zenye ratiba zinatosha. Usingizi usipungue saa saba. Kukesha mpaka saa nane za usiku kunaonekana juhudi, na asubuhi darasa zima linasinzia. Wasichana wawe na jengo lao na mlezi wa kike anayelala hapo hapo, vyandarua vihesabiwe kabla ya siku ya kwanza. Kwa chakula, makisio ya watoto 60 kwa mlo mmoja: mchele kilo 9, maharage kilo 4, nazi 10 hadi 12. Zidisheni kwa siku na milo kabla ya kutangaza. Kambi nyingi zinavunjika wiki ya tatu kwa sababu mtu alihesabu mchele akasahau kuni na chumvi.

Ndani yake watoto wasichanganywe. Tumia majaribio ya mwezi kuwapanga kwa somo, siyo kwa jumla: mwenye 38–44 kwenye Biolojia akae na wenzake wa 38–44 wa Biolojia, hata kama Kiswahili ni hodari. Maalim ameeleza kwa nini alama hizo ni za thamani. Lakini tahadhari, msiwaache wenye F. Mwenye D moja na F sita ana pointi 34, sifuri. D moja nyengine inamfikisha 33. Mwalimu mmoja apewe kundi hilo tangu siku ya kwanza, na wapewe mada chache zinazobebeka.

Somo langu ndilo linaloangusha wengi kuliko yote, na chanzo chake hakiko kidato cha nne. Mchukue mtoto anayepata 12 kwenye Hesabu, mpe maswali 20 ya msingi: kujumlisha sehemu, namba hasi, asilimia, kutoa nje ya mabano. Utakuta anakosa 13. Huyo ukimfundisha logarithi unamwaga maji kwenye pakacha. Jaribio hili lifanywe wiki ya pili ya kidato cha kwanza, lisahihishwe kwa mada na siyo kwa jumla, halafu kipindi kimoja kwa wiki kwa muhula mzima kiwe cha kuziba mapengo hayo. Mzazi wa anayeingia mwakani, hiyo ndiyo kazi ya likizo ya Disemba: sehemu na namba hasi, nusu saa kila siku baada ya chuoni (madrasa), maswali kumi, asahihishe mwenyewe kwa kurudisha jibu kwenye swali.

MzaziWete (mtoa mada)

Allah awalipe kheri. Nimeshafahamu kwamba kambi ibaki lakini ipunguzwe, na nguvu ianzie chini. Kikao kijacho ni Jumapili ya wiki ijayo. Nitapewa dakika tano kama mzazi. Niulize lipi bila walimu kuona nawashtaki?

MaalimTaaluma

Mpelekee mwalimu mkuu maswali yako siku tatu kabla, kwa maandishi, ili aje na namba. Mtu akishtukizwa mbele ya wazee anajitetea, hata akiwa na jibu zuri.

Omba namba tatu tu, na uombe zisomwe kila muhula. Waliomo kidato cha pili leo ni wangapi kati ya walioingia kidato cha kwanza. Katika Hesabu, Kiingereza na Biolojia za kidato cha kwanza na cha pili, wangapi wako chini ya 30, wangapi 30–44, wangapi 45 na zaidi. Na vipindi vingapi kati ya vilivyopangwa mwezi uliopita vilisomeshwa kweli, kwa kila somo. Hiki cha tatu kinapatikana kwa kiongozi wa darasa kuwa na karatasi ya ratiba na kutia alama kila kipindi, mwalimu akasaini. Karatasi moja kwa wiki kwa darasa. Ikionyesha Fizikia imesomeshwa vipindi 5 kati ya 16, mara nyingi sababu yake ni mwalimu mmoja kubeba mikondo yote miwili, na hapo kamati ina hoja iliyoandikwa ya kuipeleka kwa afisa elimu wa wilaya kuomba mwalimu.

Anza dakika zako tano kwa kushukuru geti na walimu wanaobaki jioni, kwa kuwa ni kweli. Kisha omba namba. Na zile za bureti, mwachie FundiMaabara akuandikie orodha yenye idadi uibandike ubaoni, wazee wachague kila mmoja chombo anachoweza kukinunua.

FundiMaabara

Orodha ni ile niliyoiandika juu, ongeza brashi ndefu 4 za kusafishia bureti na kabati moja lenye kufuli. Bureti nunueni za koki ya plastiki, hazigandani. Na daftari la kuvunjika liwe pale pale mlangoni: tarehe, chombo, kilivyovunjika, bila jina la mtoto. Mkitia jina, vipande vitafichwa na mtagundua siku ya mtihani.